Mchumba Wangu Msomi wa Maadili Alivyompa Bibi Mkono wa Pole

Admin, jina langu libaki kwako, ila hasira zangu ziweke hewani kama zilivyo. Mie ni binti wa miaka 25, naishi Mbagala na mama pamoja na bibi mzaa mama. Nipo mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma falsafa, dini na maadili. Najua mshaanza kucheka. Mtaani kwetu wengine wanadhani nikimaliza nitakuwa ustadhati, wengine wanasema nasomea kubishana. Nimezoea. Leo ninayetaka mumcheke ni mwingine.

Mchumba wangu tunasoma darasa moja. Kwao Bunju, baba yake mwalimu mstaafu, na barua ya posa ilishaletwa ikajibiwa. Ni yule mwanafunzi wa kiti cha mbele, mwalimu akisema "kuna swali?" yeye ananyoosha mkono halafu anahutubia. Ukimuuliza umekula, anakwambia tufafanue kwanza kula ni nini. Na mie mjinga nilikuwaga naona ndiyo akili hiyo.

Sasa ishu yenyewe. Mjomba wangu, mtoto pekee wa kiume wa bibi, alikuwa mchonga vinyago, akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Akafariki huko, akazikwa huko huko. Habari zilipotufikia bibi ndiyo kwanza alikuwa katoka hospitali na kiharusi, daktari kasema asishtuliwe. Ukoo ukakaa kikao Buguruni kwa mama mkubwa, wakakubaliana bibi asiambiwe mpaka apate nguvu. Nguvu hazikurudi, na kila aliyetakiwa kusema akaogopa. Kila Idi mama ananunua doti ya kanga anamwambia, "Mwanao kakutumia." Bibi anazinusa, anazifungia sandukuni, eti atazivaa mwanawe akirudi. Roho ilikuwa inaniuma, nikamsimulia mchumba wangu huku nalia. Nani mwingine ningemwambia?

Muhula huu tukapewa insha: je, uongo wa huruma unaruhusiwa? Kila mtu aandike kwa mfano wa maisha halisi. Mie nikaandika kuhusu daktari na mgonjwa. Yeye akaja kwetu.

Nilikuwa uani nafua. Nikamsikia ndani, "Shikamoo bibi," na bibi akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu." Halafu bwana mkubwa akasema, "Bibi, nimekuja kukupa mkono wa pole. Pole kwa msiba wa mwanao." Hivyo hivyo, bila hata kukohoa. Nikachungulia dirishani, kamshika bibi mkono kwa mikono miwili kama yupo matangani. Bibi akauliza, "Msiba gani, baba?" Na yeye akakaa kitako akamweleza, mwanzo mpaka mwisho.

Mpaka naacha beseni naingia na mapovu mikononi, keshamaliza, na bibi alikuwa hajalia bado. Akanitazama, akasema, "Na wewe ulikuwa unajua?" Akageukia ukutani, ndiyo akaanza kulia.

Nilimburuta yule kiumbe mpaka nje nikamuuliza kama ana wazimu. Akanijibu kwa sauti ya darasani, "Kila mtu ana haki ya kuujua ukweli. Nyie mlikuwa mnamfanya bibi mtoto mdogo. Uongo ni kosa hata ukiwa na nia njema." Kinachonichoma ni kwamba nusu ya maneno yale ni kweli, tulimkosea bibi. Lakini wiki iliyofuata akasimama mbele ya darasa akasoma insha yake. "Ajuza mmoja wa Mbagala." Akaeleza mdomo ulivyotetemeka, akaeleza alivyouliza msiba gani, hakuacha kitu. Wenzetu wakapiga makofi na mwalimu akamsifu. Kumbe alikuja kuchukua mfano wake! Nilitoka nje, na siku ile ile nikamwambia mama uchumba umekwisha.

Mama akaniambia, "Kamwambie bibi yako kwanza."

Maana bibi kaususia ukoo mzima. Alidai kisomo cha mwanawe, akakaa mkekani, akalia msiba wake, halafu akatununia wote. Mama akimpelekea uji anaulizwa, "Huu ni uji kweli, au nao mnanidanganya?" Anayemwamini ni mmoja tu, huyo kichwa maji wangu. Vidonge vya presha havimezi mpaka yeye aje ampe kwa mkono wake. Sie tukimpa anatema. Kila mgeni anayekuja, bibi anamwambia, "Nyumba hii ina mtu mkweli mmoja, kaletwa na Mungu. Namwomba Mungu nimuone kamuoa mjukuu wangu, ndiyo nife."

Juzi nikamwambia bwana mkubwa kwamba nitamweleza bibi alikuja kwa ajili ya insha. Weee! Yule yule wa haki ya kuujua ukweli akanishika mkono, jasho linamtoka. "Mpenzi, usimwambie, afya yake ile. Mambo mengine mtu hana haja ya kuyajua." Haki ya Mungu nilicheka mpaka jirani akachungulia. Miaka mitatu ya maadili, mwanaume mzima!

Mama anataka ninyamaze, niolewe, bibi apate amani. Nikisema, bibi anabaki hana hata mtu mmoja wa kumwamini, na vidonge ndiyo basi tena. Nikinyamaza, naolewa na mtu ninayemdharau mpaka anavyotafuna, na zamu hii anayemdanganya bibi ni mie mwenyewe.

Asubuhi hii bibi kaniita, mara ya kwanza tangu aninunie. Kanishika kidevu, kaniambia, "Mjukuu wangu, huyu kijana unampenda kweli? Wewe usinifiche." Nikamwambia, "Bibi, ngoja nikinge maji, nakuja." Ndoo imejaa, inamwagika, na mie bado nipo hapa bombani nawaandikia nyie. Nishaurini jamani, nikirudi ndani nimjibu nini?