Mshale Uliochelewa

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mzee Mshale, kwa sababu tangu ujana kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wa chuma uliojaa swichi na geji, macho kwenye mshale mmoja tu: ule wa joto la mtambo wa kupikia pombe kali. Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hanywi. Vidonda vya tumbo vilimpiga marufuku zamani, ila majirani hawakuamini, na kila mara alitokea mmoja wa kuulizia kama hakuna kidogo kilichobaki. Mkewe, fundi cherehani asiye na haya ya kusema, aliwajibu kuwa kilichobaki ni harufu, wanaoitaka waje wafue mashati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pombe ikianza kutoka mtamboni, ile ya mwanzo haifai hata kumpa adui: inachoma pua na kupasua kichwa. Huelekezwa kwenye tangi la kutupwa. Joto likipanda hadi mahali pake, mtu anageuza valvu, na ile nzuri inakwenda kwenye tangi la kuuzwa. Akigeuza mapema, tangi zima limeharibika. Mzee Mshale aligeuza mshale ulipogusa sabini na nne, akafuta mikono, akaketi.

Kisha meneja akatangaza kwamba ubao ule utang'olewa. Kompyuta itasoma joto, valvu zitajigeuza zenyewe, na wazee watapangiwa kazi nyingine. Kazi gani, hakusema. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa Mzee Mshale. Mchana, kwenye chumba cha kulia, alijikaza kiume mbele ya wenzake. "Hiyo mashine haimalizi wiki," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Mtanifuata kwa magoti, na nitawaringia." Nyumbani alimwahidi mkewe hayo hayo.

Injinia aliyeletwa kuifunga hiyo kompyuta alikuwa binti mdogo, mwenye adabu zake. Mzee alijitahidi sana kumchukia, lakini kila akinuna, binti anamletea kiti.

"Baba, huwa unageuza joto likiwa ngapi?"

"Sabini na nne."

"Una uhakika?"

"Binti yangu, mimi na hiyo namba tumezeeka pamoja."

Binti akacheka, akaiingiza kwenye kompyuta.

Siku ya kuwasha, chumba cha mtambo kilinuka rangi mpya na kilijaa wakubwa waliovaa tai. Ubao wa zamani ulikuwa bado ukutani, umewekwa pembeni kama mkwe asiyetakiwa, mshale wake ukiendelea kupanda polepole. Mzee Mshale alisimama karibu nao, mikono mfukoni.

Namba zikapanda kwenye kioo cha kompyuta. Zilipofika sabini na nne, valvu ikajigeuza. Watu wakapiga makofi. Mzee, kwa mazoea tu, akatupia jicho mshale wake. Ulikuwa sabini.

Moyo ukamruka kwa furaha. Mapema! Imegeuza mapema! Uchafu wote ulikuwa unaingia kwenye tangi zuri, mbele ya wakubwa wote. Imeumbuka yenyewe.

Halafu furaha ikakatika. Kwa nini mshale ulikuwa nyuma? Akakumbuka ngazi. Zamani sana fundi wa rangi aliangusha ngazi juu ya ule ubao, kioo kikapasuka, na tangu hapo mshale ukawa unachelewa nyuma ya joto kwa digrii nne. Msimamizi wa wakati huo alisema geji nyingine itaagizwa. Haikuja. Wakaonja, wakaona pombe nzuri inatoka mshale ukiwa sabini na nne, maisha yakaendelea. Msimamizi akastaafu, waonjaji wa wakati ule wakaondoka, na yeye mwenyewe akasahau kwamba kulikuwa na namba nyingine. Mashine haikukosea. Ilifanya alichoiambia.

Angenyamaza tu, basi. Waonjaji wangetema, meneja angefoka, kompyuta ingerudishwa kwenye maboksi yake na yeye kwenye kiti chake. Nani angeuliza habari ya namba? Na wakiuliza, aliyeiandika ni yule binti. Wakati huohuo binti akageuka, akamtafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akamwinulia kidole gumba. "Asante, baba!"

Mzee akapenya katikati ya tai na kubonyeza kitufe chekundu. Mtambo ukazimika.

"Mzee!" meneja akafoka. "Huu wivu sasa umezidi!"

"Si alisema mwenyewe," mtu akadakia nyuma. "Alisema itakufa."

"Namba si sahihi," Mzee Mshale alisema.

"Nani kaiweka?" Meneja akamkazia macho binti.

"Ni mimi," Mzee akasema. "Yeye kaandika nilichomwambia. Mshale wangu mbovu, bosi. Nimeuzoea mpaka nikasahau kuwa ni mbovu."

Binti akatazama ubao, akatazama kioo, akatazama tena ubao. Tangi likamwagwa, namba ikabadilishwa kuwa sabini na nane, mtambo ukawashwa upya. Safari hii valvu ilipojigeuza hakuna aliyepiga makofi. Mwonjaji akanusa kikombe, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza Mzee Mshale kama iko tayari.

Jioni mkewe alisimamisha cherehani alipomwona mlangoni. "Ehe! Mashine yenu imeshakufa?"

"Haijafa. Inafanya kazi vizuri sana."

Aliketi akataka kuvua viatu, kamba zikamshinda. Mkewe akapiga magoti, akazifungua yeye.

"Kesho unaingia zamu gani?"

"Sijui," alisema. "Hawajaniambia."