Wekundu wa Tambuu

Darwesh, fundi wa kanzu pale Dunda, alijulikana kwa mshono wake ulionyooka na midomo yake myekundu. Tambuu yenye tumbaku haikumtoka shavuni tangu ujana. Kongosho lilipozidi kumsumbua mwaka hadi mwaka, daktari akampigia marufuku tumbaku, na mkewe Mayasa akakifungia kijaluba cha tambuu kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Mayasa alimpenda sana mumewe, lakini kumwamini kwa tambuu, hapana.

Wiki ya harusi ya binti yao Naila, Mayasa akakuta michirizi myekundu kwenye karo la uani.

"Umeniibia ufunguo, umerudia mchezo wako, baba Naila?"

"Niwie radhi, mama Naila. Kidogo tu, kwa furaha ya mtoto."

Hapo ndipo Mayasa angepaswa kushtuka, maana Darwesh alikuwa hodari wa kubisha hata akiambiwa jua linawaka. Badala yake akamsema kutwa nzima, na mzee wa watu akitabasamu tu, uso umempauka.

Siku ya kuamkia nikahi, mashangazi waliokuja harusini wakataka tambuu. Mayasa akafungua kabati. Kijaluba kilikuwa palepale, kimeshika vumbi, popoo hazijapungua hata moja. Kama tambuu zote zimo humu, ule wekundu ulikuwa wa nini?

Akamkuta mumewe uani, ameinamia karo, anatapika damu.

"Niache nimwozeshe kwanza," Darwesh akanong'ona. "Nikienda hospitali mtaahirisha, na walii ni mimi."

Naila alikuwa amesimama mlangoni, hina mbichi mikononi. "Baba, mume anaweza kungoja. Damu haingoji."

Hospitali wakamwongeza damu, wakampitishia mpira wenye kamera kooni. Daktari akaeleza kwamba kongosho lililovimba miaka mingi lilikuwa limeziba mshipa wa wengu. Damu ikakosa njia, mishipa ya tumboni ikajaa hadi ikapasuka. Wakaiziba. Mayasa akalia, akamgombeza mumewe, akalia tena.

Alipopata nguvu, Darwesh alimwozesha mwanawe mwenyewe, kwa sauti ndogo lakini imara. Sinia la tambuu lilipomfikia, akalipitisha kwa jirani. Mayasa, akichungulia dirishani pamoja na wanawake wenziwe, hakumwangalia bwana harusi. Aliiangalia midomo ya mumewe, mikavu, haina wekundu hata chembe, akamshukuru Mungu.