Kofia Iliyozibwa Vitundu

Siku hiyo naikumbuka kama chai ya leo asubuhi, mwanangu. Nimekaa kwenye kiti cha kinyozi mmoja wa Kikongo, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, naambiwa habari ya sindano. Kwamba hapa Johannesburg mgeni akienda kliniki akasema kichwa chake hakiko sawa, anachomwa sindano inayofuta lugha. Unaingia na Kiswahili chako, unatoka na Kizulu kitupu. Jina la mama, njia ya kwenu, hata Alhamdu, vyote vimekwenda. Na kwenu hurudi tena, maana kwenu hukujui.

"Papaa, nakuapia," kinyozi alisema, wembe hewani. "Binamu wa jirani yangu aliingia na lugha nne. Alipotoka, mama yake anamsemesha, yeye anajibu kwa Kizulu, sawubona tu!"

Usicheke. Mimi niliamini yote, tena nikiwa na nusu ya nywele. Si wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja? Wala sikuwa mtu wa hivi hivi, nilikuwa msomi. Mchana natengeneza zipu za mabegi karibu na stendi ya teksi mjini, jioni nasoma shule ya watu wazima. Nilipopata cheti nilikitundika ukutani, hata mende wakawa wanapita mbali kwa heshima. Kiingereza changu kilinyooka kama reli. Kumbe elimu inaweza kuingia kichwani ikamkuta ujinga amekalia kiti, ikamwamkia, wakaishi pamoja miaka.

Chumba chetu kilikuwa Mayfair, nyuma ya duka la Msomali mmoja. Nilikaa na Idrisa, kijana wa Pemba, mpole hata nzi alimwomba njia. Alishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vya kupitisha hewa, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono. Mama yake ndiye aliyemfundisha. Watu walizifuata kofia zake kutoka Durban. Nikikwambia walitoka hata mwezini, hapo punguza kidogo, lakini si sana.

Basi usingizi ukamkimbia Idrisa. Akawa anakaa kitako usiku kucha, anafumua alichoshona jana, anaanza upya. Kisha nikaona kofia imekamilika, lakini vitundu vyote amevijaza uzi, hakuna hata kimoja kinachopitisha mwanga.

"Sheha," nikamtania kwa cheo cha wakubwa wa kwao, "hii kofia au sufuria?"

Hakucheka. "Wanachungulia, Bakari. Nikifikiri jambo, wanaliona humo vitunduni."

Mimi nikacheka kwa niaba yetu sote wawili. Nilidhani ni uchovu. Kijana yuko mbali na kwao, baridi ya Johannesburg inaingia hadi kwenye majina ya watu, nani asichoke?

Ijumaa moja tumetoka msikitini, akanishika mkono pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yakapita, taa ikabadilika mara tatu hatujavuka. Akanambia polepole, "Bakari, kichwa changu hakiko vyema. Najua mwenyewe. Wewe wakijua Kizungu. Nipeleke kliniki."

Mwanangu, hapo palitaka maneno mawili tu: haya, twende. Kliniki ilikuwa mwendo wa kuvuta sigara moja. Badala yake nikamsimulia ile sindano, na kwa kuwa mimi kitu nikikipokea lazima nikitie chumvi, yule binamu wa jirani akawa mtu niliyemwona kwa macho yangu. Nikamalizia, "Utamsahau hata mama yako, wewe."

Akakishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi. "Basi siendi. Mama simsahau."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona wiki ile ile. Na ujue alinisadiki kwa sababu gani: kile cheti ukutani. Mtu asiyesoma angesema vile, labda Idrisa angemuuliza mwingine.

Nilikwenda kwa Maalim wetu, mzee wa Tanga kama mimi, kuomba kombe. Akamwandikia aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya waridi, akanipa chupa. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Kombe hili atakunywa, na kliniki utampeleka. Dua na dawa ni ndugu, Bakari, usije ukawagombanisha."

"Ndiyo, Maalim."

Chupa nikaifikisha. Ujumbe nikaula njiani.

Kofia mojawapo katika zile zilizozibwa ilifika Pemba. Idrisa alimpa msafiri ampelekee mama yake. Haukupita muda mama akapiga simu, tena si kwa mwanawe, kwangu.

"Bakari mwanangu, Idrisa ana nini?"

"Hajambo, mama. Kazi tu zimembana."

"Hii kofia imezibwa. Mkono ni wake, uzi naujua, lakini aliyeshona hii siye mtoto niliyemfunza mimi. Nambie, mwanangu. Ni mgonjwa?"

Ulikuwa wakati wa kusema. Mama yupo mbali maelfu ya kilomita, hana daktari, hana kipimo, ana kofia tu mikononi, na ameuona ugonjwa ambao mimi ninayelala naye chumba kimoja nimeufanyia mzaha. Nikamjibu kwa furaha kabisa, "Ah, mama, ndiyo mtindo wa Johannesburg huo! Huku baridi, watu hawataki vitundu."

Kisha akasema, "Haya. Nimekuamini." Sijapata kupigwa kofi lililouma kama hiyo haya.

Sisi tuna desturi, mwanangu, ya kuwafichia watu wa nyumbani. Tunasema tusiwatie presha. Mtu yupo taabani, salamu ni njema tu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walimsema mgonjwa. Mimi naongeza wa pili, yule anayemfichia mwenzake, maana huyo kifo humwacha hai akumbuke.

Idrisa akatoka siku moja kununua uzi, hakurudi. Miezi minane. Nilizunguka Mayfair na mjini hadi viatu vikabaki jina. Katikati ya miezi hiyo simu ikaja kutoka Pemba: mama amefariki, na siku za mwisho alikuwa akiuliza kama mtindo wa Johannesburg umebadilika.

Tulimpata Newtown, chini ya barabara ya juu, vidole viwili vya mguu vimeliwa na baridi. Akapelekwa hospitali. Nami nikaenda na Kiingereza changu kama reli, nikiwa tayari kumkuta rafiki yangu hana lugha. Mlangoni niliulizwa karatasi, nikaambiwa wageni tunajaza vitanda, nikarudishwa, nikaja tena kesho yake. Hayo sikufichi, yapo. Ndani nikamkuta sista mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Nilimuuliza swali moja. Jibu lake nakuwekea mwisho, maana ndilo nitakalo uondoke nalo.

Wiki ya tatu ya dawa Idrisa aliniona nikiingia wodini. Akajiinua. Kiswahili chake kizima, cha Pemba tupu, hakikupungua hata herufi.

"Bakari. Mama kapiga simu?"

Eish, mwanangu. Safari hii utani niliuacha mlangoni, nikamweleza yote, la mama na la uongo wangu.

Idrisa yupo kwao sasa, mtu mzima, anameza vidonge vyake na anashona tena, vitundu wazi. Alinisamehe zamani. Mimi ndiye ninayechelewa.

Kwa hiyo sikia. Mwenzako akikwambia kichwa chake hakiko vyema, usimpe hadithi, mpe viatu vyake. Nenda naye, maana peke yake atarudishwa mlangoni, na lugha ya kueleza woga wake hana. Kama Kiingereza unacho, hiyo ndiyo siku uliyokisomea. Ukirudishwa leo, kesho rudi, au tafuta kliniki nyingine. Muombee pia, lakini mkiwa njiani. Na nyumbani wakiuliza, waambie kweli. Mama akijua, dua yake inajua pa kushukia.

Mungu akupe sikio la kusikia kabla ya kinywa cha kuchekesha. Akulindie kichwa chako na vya wenzako, na asikufanye wewe kuwa ukuta kati ya mgonjwa na dawa.

Na yule sista? Nilimuuliza kama wameshamchoma ile sindano ya kufuta lugha, ile iliyonifanya nisimlete aliponiomba. Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

"Bhuti, kaka yangu," akasema, "sindano hiyo haipo, wala haijawahi kuwepo. Huu ni ugonjwa, una dawa. Mngemleta siku ile alipokuomba, tungeanza naye siku ile."