Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Binti yetu wa kwanza alizaliwa Suji, kijiji cha milimani Upare, wakati maduka ya Same hayakuwa na hata sabuni, sembuse dawa ya tumbo la mtoto. Kila akishanyonya nilimlaza chali upesi, naye alilia tumbo likiwa limekaza. Shahada yangu ya chuo kikuu haikumsaidia.

Mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, hakusema nami ana kwa ana. Alikaa nyuma ya pazia akimwagiza mke wangu.

“Mwambie mwenzio amweke begani, ampapase mgongo. Anamlaza kama gunia la tangawizi!”

Nilitii. Mtoto akacheua kwa kishindo, akatulia.

“Haya, mkwe, sasa kanywe uji,” mama mkwe akaniambia mimi mwenyewe, bila kumpitia mke wangu.

Hata siku ya mahafali sikupata sifa tamu kiasi hicho.