Firigisi ya Kisiwani

Watu wakisikia nimeishi kisiwani huniuliza habari za minazi na pweza. Huwa nawakatisha tamaa mapema. Kisiwa chetu kiko Singida, na Mungu hakukiumba kiwe kisiwa. Kilikuwa kilima cha mawe kando ya ziwa, na juu yake nyumba ya mama, mpaka mvua za miaka hii zilipolijaza ziwa likameza shamba la chini na njia. Tuliamka watu wa bara, tukalala watu wa visiwani. Kwenda sokoni ilibidi uvuke maji ya mapajani, nguo umezikunja bila haya.

Minyaa ya uani ilikufa kwa magadi ya maji ya ziwa. Mpapai mmoja tu uligoma kufa, ukaendelea kuzaa mapapai ambayo mbuzi waliyanusa wakaenda zao. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, walijipanga majini, warembo kweli, lakini upepo ukigeuka unagundua kwamba warembo nao wananuka. Pimbi walishinda juu ya mawe wakiota jua na kututazama kama wazee wa baraza waliochoshwa na kesi yetu. Kenge alihamia chini ya banda la kuku bila hodi, akawa anakula mayai. Mama alimkimbiza na mwiko huku akimtukana kwa Kinyaturu, maana alisema Kiswahili hakina matusi ya kutosha.

Mimi nilikuwa nimerudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika, na sijawahi kucheka kama mwaka ule.

Kaka yangu mkubwa, mtu wa ofisini huko mjini, hakuona cha kuchekesha. Alipiga simu kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mama, ameshamtengea chumba chenye vigae na televisheni. Hakumuuliza, alimtaarifu. Mama aliitikia "haya", kisha akaenda kumwagilia mchicha wake kwenye ndoo iliyotoboka. Niliogopa. Mama hakuwahi kumkatalia mwanamume neno, si baba, si kaka, na nilijua kwenye vigae atanyauka kabla ya ule mchicha.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba aliila maisha yake yote. Siku moja utotoni niliionja jikoni, nikachapwa kana kwamba nimekula hati ya shamba. Baba alipofariki, firigisi ilihamia kwa kaka bila kikao chochote. Hata akija kwa saa moja tu, aliikuta juu ya bakuli, inamsubiri.

Jumamosi alivuka suruali imekunjwa, tumbo limetangulia, begi jipya tupu kichwani na viatu mkononi. Katikati aliteleza, kiatu kimoja kikaenda na maji. Pimbi hawakusema kitu. Mimi nilicheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kula kwanza."

Alikula huku akihutubia. Nyoka. Kenge. Mama akiugua ghafla, nani atamvusha? Hapo alikuwa na haki. Kisha akapekua mchuzi kwa kijiko, akapekua tena.

"Mama, firigisi iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba."

Kaka alinigeukia. Nikatikisa kichwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba, anachokonoa meno kwa kijiti, wala hana haraka. Kaka aliangalia kigoda, akaangalia begi, halafu akamaliza ugali wake. Nilitamani kupiga vigelegele, ila mdomo ulijaa ugali.

Alipoinuka kuondoka alilichukua begi.

"Hilo liache," mama alisema. "Kuku wangu anataka pa kuatamia, mahali pa kufunga zipu kenge asiingie."

Akaliacha. Alishuka majini na kiatu chake kimoja, na alipofika katikati aligeuka, akapaza sauti: "Mama! Hiyo firigisi ilikuwaje?"

"Ngumu!" mama akajibu. "Njoo tena, nichinje mwingine, nione kama zote ziko hivyo."