Meza Yenye Alama ya Pasi

Kazi yangu katika jumba la makumbusho ya migodi, Kolwezi, ilikuwa kuwavuta watu kwa njia ya simu. Nilipiga picha za mawe ya kijani ya malakiti, nikaandika maneno matamu, nikayatupa Facebook na WhatsApp. Mshahara wangu ulitoka kwa kampuni moja ya shaba. Kampuni hiyohiyo ilipanua shimo lake, na mtaa wetu, upande wa Musonoi, ulikuwa njiani. Walipaka alama nyekundu ukutani, kisha buldoza likaja. Mama, mjane wa mchimbaji, alihamia chumba kisichotosha hata kitanda, hivyo viti na meza akamwuzia mtu aliyepita na gari.

Baada ya muda direkta wetu akaniita.

"Tuko na chumba mpya," akasema. "Nyumba ya mufanyakazi wa zamani. Fanya video. Batu balie kidogo, lakini barudi kwao na furaha."

Nikaingia, nikaikuta meza yetu na viti vyake, vimesuguliwa na kuzungushiwa kamba.

Nilimwambia mama. Kesho yake alikuja amewaka hasira, akavuka kamba, akakaa kitini. Mlinzi akamfuata mbio kumwinua.

"Mama, lamuka. Ni bitu bya musée."

"Nyumba mulibomoa," akamjibu bila kupaza sauti. "Kiti iko apa. Munataka niikale wapi?"

Simu yangu ilikuwa ikirekodi. Mama akaieleza jinsi tulivyotolewa, na ni nani aliyetutoa. Mchana huo nikaiweka video kwenye ukurasa wa makumbusho bila kukata neno.

Watu wakamiminika. Waliobomolewa kama sisi waliandika kwa hasira, nami nilifurahi. Halafu akaandika mwanamke mmoja wa Mwene-Ditu, kule Kasai, aliyezaliwa Kolwezi: "Iyi meza ni ya kwetu. Iko na alama ya pasi pa kona, mama yangu ndjo aliunguza. Tuliiacha siku balitupandisha mu treni."

Alizungumzia mwanzo wa miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, mkoa wetu. Nikaenda kuiangalia kona ya meza. Alama ilikuwepo, utotoni niliweka daftari zangu juu yake.

Jioni nikamwuliza mama.

"Tulipewa nyumba, meza ilikuwa mule ndani," akasema. "Benyewe balikuwa bamekwisha kuenda."

"Walikwenda, au walifukuzwa?"

Aliendelea kuchambua majani ya sombe. "Baba yako alikuwa na batoto," akasema mwishowe. "Ulikuwa unataka tulale inje?"

Hasira niliyokuwa nayo kwa kampuni ilinichachia mdomoni.

Usiku nilianza kumwandikia yule mwanamke. Kabla sijamaliza, ukurasa ukanifungia. Direkta alikuwa ameniondoa, na video imefutwa pamoja na yote watu waliyoandika chini yake. Asubuhi mlinzi hakunifungulia geti. Jina la yule mwanamke sikulishika, na Mwene-Ditu sina ninayemjua.