Résistance ya Kambo

Wiki iliyopita fundi alikuja kutengeneza réchaud, jiko la umeme, ya mke wangu, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe hapa mtaa wa Annexe, tofali kwa tofali, bila mkono wa mjomba. Waya wa moto, ule uliojipindapinda ambao kwetu tunauita résistance, ulikuwa umekatika. Fundi akatupa kipande kilichoungua, akavuta ncha mbili, akazifunga, akapangusa mikono.

"Patron, sasa résistance iko mufupi. Itakula courant kidogo."

Nina diploma ya umeme niliyoisomea Afrika Kusini nikifanya kazi usiku na mchana. Imetundikwa sebuleni, na kila mgeni namkalisha mbele yake. Ningeweza kumfundisha fundi yule palepale. Badala yake nilitoka nje nikasimama peke yangu.

Rafiki, nikuambie kwa nini.

Tulikuwa milango mitatu katika parcelle moja, yaani kiwanja kimoja cha kupanga, tukila waya mmoja wa umeme. Mlango wa kwanza alikaa Kambo, bibi yangu aliyenilea. Wa pili, mama jirani aliyepiga pasi nguo za watu na kucheka kwa sauti iliyofika barabarani. Wa tatu, mwalimu wangu wa fizikia. Kifua cha Kambo hakikupenda moshi wa makala, yaani mkaa, kwa hiyo watoto wake walimtafutia réchaud mpya. Maharagi yalichemka juu yake tangu asubuhi, harufu ya kitunguu ikitoka mpaka langoni, na umeme uliporudi baada ya kukatika, watoto wa mtaa mzima walipiga kelele, "Courant inarudiaaa!" Kambo alikuwa wa kwanza kuweka sufuria.

Mwalimu nilimpenda kuliko niwezavyo kueleza leo. Nilimbebea mkoba kwenda na kurudi. Alichukia makosa yetu ya nyumbani, hasa moja: kwetu résistance ni waya, basi wenye waya mrefu ndio walaji, na wenye mfupi ni maskini wa Mungu. Siku moja alileta darasani réchaud yake, iliyoungwa mara nyingi hadi waya ukabaki nusu, akanituma nilete ya Kambo. Vipimo vya shule vikaonyesha volti mia mbili kwa zote mbili. Ya Kambo ilivuta ampere nne, yake kumi.

Tuligawanya volti kwa ampere: ohm hamsini kwa Kambo, ishirini kwa mwalimu. Tukazidisha volti kwa ampere: wati mia nane kwa Kambo, elfu mbili kwa mwalimu.

"Résistance kidogo, njo inakula mingi!" alipiga ubao. "Muweke mu kichwa!"

Mimi ndiye niliyemaliza wa kwanza. Aliandika "Très bien" kwa wino mwekundu, na daftari lile nililala nalo.

Mvua zilipoanza, fusible ya parcelle, fyuzi yetu sote, ikawa inaungua kila siku ya pili. Paa! kisha giza na matusi. Jumamosi moja mwenye parcelle akafika na koleo mkononi.

"Réchaud yenye inakula mingi inatoka leo. Njo ya nani?"

Nilikimbia kuleta daftari. Nilisoma hesabu zote kwa sauti, mbele ya milango mitatu, ohm na wati wasizozielewa.

"Ehe! Ingénieur yetu!" mama jirani akacheka.

Mwalimu alilichukua daftari taratibu, akalifunga, akaliweka kwapani.

"Mutoto, résistance ya Kambo iko ngapi?"

"Makumi tano, Mwalimu."

"Na yangu?"

"Makumi mbili."

Akawageukia majirani na mwenye parcelle. "Mumesikia. Yake makumi tano. Yangu makumi mbili."

Wati hakuzitaja. Hakusema uongo hata mmoja.

"Bon, si iko wazi!" alisema mama jirani. "Mwenye mingi njo anakula mingi."

Koleo likauma waya wa Kambo. Nilipiga kelele, "Mwalimu, baelezee!" Yeye akatazama viatu vyake. Kambo akanishika bega, mkono wake ukinuka kitunguu.

"Unamupigia mwalimu kelele? Omba pardon."

Nilipiga magoti kwenye matope. Nikaomba.

Tangu siku hiyo Kambo alipika kwenye mbabula, jiko la mkaa, ameinama juu ya makala, na kikohozi chake ndicho kilichoniamsha kwenda shule. Fusible iliendelea kuungua kila mwalimu alipopika na mama jirani akapiga pasi. Watu wakalaumu mvua. Daftari sikurudishiwa. Mkoba wake sikuubeba tena, na wala hakuniuliza sababu.

Leo parcelle ile ni ukuta mrefu wa ghala. Hakuna harufu ya maharagi langoni, na mwalimu alihama bila mtu kujua alikokwenda. Siku ile ya fundi nilirudi ndani nikamchorea hesabu yote kwenye karatasi, polepole, kama nilivyofundishwa. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ya nyumba yangu.

"Sawa, Patron. Lakini bantu bote banajua: mufupi inakula kidogo."

Nilitaka kumwonyesha diploma. Kisha nikakumbuka kwamba Kambo alikufa akiamini réchaud yake ndiyo iliyotuweka gizani, na kwamba aliyemhakikishia si mwalimu. Ni mimi, niliyejua hesabu, nikipiga magoti.